Mama Onja na Jumatatu ya Mchicha

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una sufuria jikoni punguza moto, isije ikaungua ukanitupia lawama mimi.

Leo tunamkumbuka mpishi. Mpishi wa shule ya msingi, aliyepika katika jiko moja kwa miaka thelathini na mmoja. Alifariki wiki mbili zilizopita, usingizini, nyumbani kwake. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na alibakiza miezi mitano tu astaafu. Sote tulimwita Mama Onja.

Jina hilo alilipata kwa haki. Hukupita mlangoni kwake bila kupewa kijiko. Awe mkaguzi, awe fundi bomba, neno lilikuwa moja: "Onja kwanza, shida yako baadaye." Na ukisema "kitamu" kwa adabu tu, umekwisha. "Usinidanganye, baba. Mdomo umekubali, uso umekataa." Mimi mwenyewe yalinikuta hayo, nikarudi studio nimenywea.

Kwa miaka mingi mboga za jiko lile zilitoka mbali. Lori moja, mara moja kwa wiki. Ikifika Alhamisi kabichi zimenyauka, karoti unaweza kuzipiga fundo. Mama Onja alikereka. Kilichomkera zaidi kilikuwa nyuma ya ukuta wa shule. Vijana kumi na wawili walikuwa wamekifyeka kiwanja kilichoachwa, wakalima kwa samadi na maji ya mvua waliyokinga kwenye mapipa. Mboga zao zilikuwa safi, lakini mnunuzi hakuna. Huku watoto wanakula mboga iliyochoka, kule mboga mbichi inaoza. Ukuta mmoja tu katikati!

Akamfuata mwalimu mkuu, akamwomba shule inunue mboga kwa vijana wale. Mwalimu mkuu alikuna kichwa, akakuna tena, kisha akatoa miezi mitatu ya majaribio. Narudia, wasikilizaji wapendwa: miezi mitatu. Vijana wakishindwa, lori linarudi.

Wiki ya kwanza, msichana mmoja mrefu, wenzake wanamwita Twiga, alileta mchicha. Mama Onja akaupika, akaonja, akafumba macho. Akasema mbele ya wote: "Jamani! Mchicha kama huu sijaupika tangu nianze kazi."

Lahaula! Nani alimtuma? Kila kijana alitoka pale na lake moyoni. Kimyakimya, bila kumwambia jirani yake wa tuta la pili, kila mmoja akaenda kupanda mchicha. Alikuwepo kijana mmoja wa miwani na maneno mengi, jina lake la utani Profesa. Huyo aling'oa hata karoti zake changa apate nafasi.

Mchicha hauna subira. Mwezi haukupita, Jumatatu moja asubuhi vijana kumi na wawili wakafika jikoni na mafurushi kumi na mawili. Mchicha, mchicha, mchicha. Binti yake Mama Onja, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amepeleka aproni mpya siku hiyo. Anasimulia: "Mlango ulikuwa hauonekani. Mama kasimama katikati, kijani mpaka magotini. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka."

Watoto mia nne wakala mchicha Jumatatu. Jumanne wakala mchicha. Jumatano mtoto wa darasa la pili akamnyooshea mwalimu mkono, akauliza wameadhibiwa kwa kosa gani.

Mwalimu mkuu akaja jikoni. "Mama, Ijumaa kamati ya shule inakaa. Niwaambie nini?" Na huko shambani vijana walikuwa wameshaanza kurushiana maneno. Twiga analia kwamba wamemwiga. Profesa anasema mchicha haujaandikwa jina la mtu. Wawili walishabeba majembe yao waondoke.

Hapo Mama Onja angeweza kunyamaza. Kazi yake haikuwa hatarini. Angesema vijana wa siku hizi, si unawajua, na mambo yangeisha. Lakini Ijumaa aliingia mbele ya kamati na aproni yake kiunoni.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilisifu mboga moja hadharani, wakati chungu kinataka nyingi. Hawa wanangu hawakushindwa kulima. Walishindwa kuambiana. Nipeni mwezi mmoja. Nikishindwa, lori lirudi, na mimi niondoke."

Binti alipopata habari alikuja juu. "Mama! Umebakiza miaka miwili ustaafu!"

"Sasa hiyo miwili niimalize kwa kabichi zilizonyauka?"

Alijibu hivyo, lakini aliogopa. Binti anasema wiki ile mama yake aliamka usiku wa manane akamenya viazi.

Jumamosi aliwaita vijana jikoni, akawaketisha juu ya ndoo zilizopinduliwa. Akaweka sharti moja: mbegu haiingii ardhini kabla mwenyewe hajasema kwa sauti, mbele ya wenzake, anapanda nini na lini. Wakaanza. Huyu kabichi, yule karoti, mwingine maharage. Ikafika zamu ya vitunguu. Macho yote yakamwelekea Profesa.

"Mama, kitunguu ni miezi minne," akasema. "Wenzangu wanavuna, mimi nashika tama? Nitakula nini?"

Twiga ndiye aliyejibu, na alikuwa bado amemnunia. "Utakula kwenye mchicha wangu. Vitunguu vikikomaa, nitakula kwenye vyako."

Mama Onja akajipiga kofi pajani. "Haya! Sasa ndiyo mmeanza kupika."

Tangu siku ile ndivyo wanavyofanya. Anayepanda cha haraka humbeba anayepanda cha taratibu, na zamu inazunguka. Mwezi ulipoisha, kamati ilikaribishwa jikoni, kila mjumbe na kijiko chake. Lori halikurudi. Leo vijana ni ishirini na saba.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mama Onja alifariki usiku wa kuamkia Jumanne. Mazishi yakapangwa Jumatano asubuhi. Mwalimu mkuu akasema jiko lifungwe, watoto warudishwe nyumbani mapema. Nani amlaumu? Jiko lile halijawahi kuwaka bila yeye.

Binti anasema vijana walikuja kwake na matope kwenye viatu. Profesa, yule wa maneno mengi, siku hiyo alikuwa nayo machache. "Dada, tuje tuzike, au tupike kwanza?"

"Nikawaangalia," anasema binti. "Nikawaambia, Mama yuko ndani pale. Kama mngeweza kumuuliza, angewafukuza kwa mwiko. Nendeni mkapike."

Mazishi yakasogezwa hadi alasiri. Twiga akashika chungu, wengine wakakata, wakamenya, wakakoroga, machozi yakiwatoka, na safari hii si kwa vitunguu peke yake. Profesa anakiri chumvi ilizidi. Lakini watoto mia nne walikula wakashiba, sahani zikaoshwa, sakafu ikapigwa deki. Ndipo jeneza likatolewa nyumbani. Mama Onja alisubiri mpaka watoto wamalize kula.

Kwa binti yake, kwa wajukuu zake wawili, kwa mwalimu mkuu na walimu wote, na kwa ninyi vijana ishirini na saba: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi, na tunajivuna pamoja nanyi.

Na wewe unayenisikiliza, mchana wa leo utakapokaa kula, tulia kidogo. Jiulize kilichomo sahanini mwako kimelimwa na nani. Kisha jiulize kama naye amekula.