Kofia Iliyomtosha Ndimu

Kule Kiamaiko, pale soko la mbuzi linapopakana na uchochoro wa maseremala, palikuwa na benchi la mbao za masalio. Kweyu ndiye aliyeligonga kwa mkono wake, mbele ya karakana yake ya vitanda, na kila jioni lilijaa watu kabla birika la Batulo halijachemka. Batulo aliuza kahawa ya tangawizi, na kando yake Rispa alikaanga mandazi. Hapo benchini hakukosekana Naftaly, waliyemwita Katiba kwa kuwa hapakuwa na sheria asiyoijua, hata ile ambayo haijatungwa. Hakukosekana pia Kimani muuza vitunguu, waliyemwita Bei, kwa kuwa hata msibani huuliza jeneza limenunuliwa ngapi. Kweyu mwenyewe walimwita Ndimu, kwa udogo wa kichwa chake. Ulikuwa mwaka ule vyama vingi viliporudi, kila mtaa una bendera zake na kila bendera ina wimbo wake. Jioni hiyo Ndimu alikaa mwisho wa benchi lake, kavaa kofia mpya ya kijani yenye picha ya kinu, na moyo wake haukutulia.

Kofia ile ilikuja na gari. Juma lililopita gari la Chama cha Kinu lilisimama papo hapo, akashuka bwana mmoja mwenye haraka, mkononi ana kofia moja tu. Akasema Kiamaiko inatoa mjumbe mmoja, naye ni yule ambaye kofia itamtosha. Katiba akaijaribu, ikamkwama kwenye paji la uso. Bei akaijaribu, ikamkaa utosini kama kisahani. Rispa aliponyosha mkono, yule bwana akacheka, akasema nywele hizo mama hazina kofia. Ndimu akaivaa, ikamtosha kama aliyepimwa na fundi. Gari likaondoka, na Kiamaiko ikawa imepata mjumbe.

Sasa kesho asubuhi mjumbe alitakiwa mjini, kwenye ukumbi mkubwa, yeye na wajumbe wenzake wamchague mtu wa kusimama kwa jina la Kinu kuwania urais. Waliogombea walikuwa wawili, Daktari wa Meno na Mwenye Mabasi. Na Ndimu, Mungu ni shahidi, hakujua amchague yupi. Alikuja benchini ili aambiwe, lakini aliona haya kuuliza. Juma zima alikuwa ametembea kama mtu anayejua.

— Mjumbe! Niaje? Bei alimwita. Kichwa kimeamkaje?

— Salama tu.

— Kichunge, bwana. Kikivimba usiku, kesho hatuna mwakilishi.

Wakacheka. Batulo akamimina kahawa.

— Lakini mimi nauliza, Rispa alisema huku akigeuza mandazi. Si na mimi nina kadi ya Kinu? Mbona hawakutuuliza sisi sote?

Katiba akakohoa. Akikohoa hivyo, ujue sheria inakuja.

— Mama, hiyo iko wazi. Sisi sote hatutoshi ukumbini. Na wahenga walisema, penye wengi pana Mungu. Sasa Mungu aje, akose kiti? Si itakuwa aibu kwa chama?

— Wacha hizo, Katiba! Bei aliruka. Hii ni hesabu ya dishi. Wajumbe unaweza kuwalisha kuku, nchi nzima utailisha nini? Ndimu, sikia. Kesho angalia sahani. Kama Daktari amekupa paja na Mwenye Mabasi amekupa shingo, umeshajua rais ni nani.

— Kwa hivyo nifuate paja? Ndimu aliuliza haraka, kama mtu aliyeona mlango umeachwa wazi.

— Ndiyo. Ama hapana. Ngoja kwanza. Mtu wa kukupa paja mapema, baadaye si atataka mbuzi mzima?

Mlango ukafungwa. Ndimu akanywa kahawa yake, ikamchoma ulimi.

— Ninyi mnapoteza wakati, Katiba alisema, akashusha sauti na kutazama nyuma yake, ambako hapakuwa na mtu ila mbuzi wawili. Hakuna kura kule. Kuna mashine, imefungwa juu darini, imetoka Ujerumani. Inapima makofi. Jina likitajwa, wajumbe wanapiga, mashine inaandika. Ndiyo maana wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mjumbe sharti aende na vidole vyake vyote kumi.

— Ebu lete mikono, Bei alimwamuru Ndimu.

Ndimu akaitoa. Ilikuwa mikono ya miaka mingi ya randa na msasa, migumu kama ubao wa mvule.

— Mnaona? Kofi la huyu litahesabiwa matatu! Piga tuone.

Akapiga moja. Wale mbuzi wakashtuka, mmoja akakata kamba, akaingia karakana na kupanda juu ya kitanda kisicho na godoro. Kumtoa ilikuwa kazi, na vicheko vilizidi kazi.

— Nimemwona rais wangu, Bei alisema akipangusa machozi. Ana ndevu, na kitanda amepata.

Walipotulia, Rispa alikuwa bado ameshika mwiko wake, macho yako mbali.

— Sasa sikieni yangu. Hao wawili watavutana kesho mpaka watoke jasho. Huyu hakubali, yule hakubali. Mwishowe ukumbi utasema, tumechoka na hawa, tutafute wa tatu. Mtu mpole, hana deni la maneno na mtu. Watageuza macho, watamwona nani? Watamwona yule ambaye kofia imemkaa sawasawa.

Benchi lote likamgeukia Ndimu.

— Mheshimiwa Rais! Bei alisimama na kupiga saluti kwa mkono wa kushoto. Mimi nipe Wizara ya Vitunguu.

— Hakuna wizara kama hiyo.

— Utaiumba! Si wewe ndiye rais?

— Mimi Jaji Mkuu, Katiba alisema taratibu, bila mzaha wowote. Kikulacho ki nguoni mwako, kwa hivyo joho langu lisishonwe mifuko.

— Na Batulo apike kahawa ya Ikulu! Bei aliongeza.

— Mimi sihami, Batulo alisema. Ikulu ikitaka kahawa, ije na kikombe chake.

Ndimu alicheka hadi kofia ikamteremkia machoni. Kwa kitambo alijiona ameketi kwenye kiti kikubwa, kiti alichokitengeneza mwenyewe, na watu wake wote wamemzunguka, na harufu ya tangawizi imejaa Ikulu. Wasiwasi ulikuwa umemwondoka kabisa.

Hapo ndipo alipokuja Barre kumchukua mbuzi wake aliyekata kamba. Barre ni kaka yake Batulo, alikuwa ameteremka na mbuzi kutoka Isiolo juma hilo hilo, na benchi lile hakuwa amelikalia bado. Batulo akampa kikombe. Akasimama, akasikiliza, akamtazama Ndimu.

— Ndugu, ni wewe umetumwa kuchagua?

— Ni mimi.

— Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo ya kuchagua. Mtu akija sokoni ametumwa mbuzi, simwonyeshi kwanza. Namuuliza, waliokutuma wanataka wa nini? Wa supu nitampa mzee, mifupa imekomaa. Wa kuchoma nitampa aliyehasiwa, ana mafuta. Wa mahari nitampa jike changa. Asiponiambia, namrudisha nyumbani akaulize. Sasa hawa wamekutuma. Wanataka wa nini?

Ndimu akamtazama Katiba, na Katiba akakohoa, lakini safari hii sheria haikuja. Akamtazama Bei, na Bei alikuwa akikagua kikombe chake kama anayetaka kukinunua. Jioni nzima walikuwa wamesema juu ya kuku na mashine na Ikulu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesema anataka nini.

— Kahawa imekwisha, Batulo alisema.

Kwa kawaida neno hilo lilikuwa kama kengele ya shule. Watu hujipangusa, wakaagana, kila mmoja akashika njia yake. Jioni hiyo hakuinuka mtu. Batulo akawatazama mmoja mmoja, akachukua birika, akalijaza maji upya, akachochea makaa. Barre akamfunga mbuzi kwenye mguu wa benchi, akaketi.

Ndimu akaivua kofia. Kichwa chake kikapata upepo, akahisi raha ambayo hakuwa nayo tangu gari lile liondoke. Akazunguka karai la mafuta hadi kwa Rispa, akamwekea kofia mikononi.

— Haikutoshi, mama, lakini ishike tu. Anza wewe.