Daktari Mwenze na Dawa ya Hasira za Wengine

Baada ya miaka thelathini na moja katika wodi yetu ya majeraha ya kichwa, Dkt. Anaclet Mwenze anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Milango aliyoibamiza kila asubuhi nayo itapumzika.

Alitujia kutoka chuo kikuu cha Kasapa na shahada mpya na koo lenye nguvu. Wagonjwa waliozimia walizinduka kwa sauti yake. Wakubwa walipotafuta msimamizi wa jaribio la dawa ya kutuliza hasira za walioumia ubongo, wakamchagua yeye. Ni kama kumkabidhi mlevi depo ya bia.

Nusu ya wagonjwa walipewa dawa, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa, kisha wake zao wakaulizwa kama waume wamepoa. Daktari, kwa haraka zake, aliwauliza mbele ya waume. Mke gani wa mtaa wa Hewa Bora atamwanika mumewe mbele ya wageni? Mama Nafisa, ambaye mumewe Yusufu alianguka na pikipiki njia ya Luano na tangu hapo hurusha sahani na kuwatisha watoto, alijibu: "Iko muzuri, docta." Wote walijibu hivyo. Kwa hesabu zetu, Lubumbashi haikuwa na mtu mwenye hasira hata mmoja. Nilipinga kikaoni wasiulizwe hivyo, akanifokea.

Siku moja akamfokea Nafisa kwamba anadanganya. Yusufu akasimama: "Docta, hii dawa unywe kwanza weye!" Wodi ikaangua kicheko. Nafisa alilia, akasema Yusufu akirudi na hasira hizo, hajui watoto watalala wapi usiku huo.

Hapo Daktari akafanya nisilolitarajia. Aliyatupa majibu yote, akawatengea wake hao chumba chao, akaanza upya. Ukweli ulipotoka, dawa haikuvishinda vidonge vitupu. Wakubwa walitaka habari tamu zaidi. Akawafokea wao, nasi tukapiga makofi.

Nafisa hakupata dawa. Alipata wenzake: kila Jumatano wake hao hukutana chumbani humo, husema yote, na hupeana zamu za kulaza watoto wa nyumba ambayo hasira zimewaka usiku huo. Sasa uongozi unataka chumba hicho kiwe stoo ya viti.

Asante, Daktari. Tunakutakia mapumziko matamu, na mkeo masikio magumu. Kuhusu chumba, usihofu: Nafisa na wenzake wamo ndani, na viti vya uongozi viko uani, vinakula vumbi.