Mlima wa Mwisho wa Eluned

Ndugu waombolezaji, naitwa Ifor, na familia ya Pryce imenipa jukumu zito la kuwasomea maisha ya dada yangu, Eluned.

Alizaliwa Dolgellau tarehe 14 Machi 1951, akasoma shule ya mji huu, kisha chuo cha sanaa Cardiff, na mwaka 1973 akarudi kufundisha uchoraji hapa hapa hadi alipostaafu. Kazi yake mnaijua: alilowesha karatasi, akaziachia rangi za maji zitiririke zenyewe hadi mlima na ukungu vikaingiliana, na zilipokauka alichovya kijiti kwenye wino, akauchora mlima wote kwa mstari mmoja usiofutika.

Tarehe 5 Juni 1976 alifunga ndoa na Emrys Pryce, daktari wa mifugo, wakajaliwa Mererid na Gethin. Miaka hiyo baba yetu alikuwa akifa kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ule unaorithiwa, ulioanza kwa mtetemo wa mikono yake, na Eluned akaingiwa na hofu ambayo hakumwambia hata mumewe.

Mwaka 2004 mstari wake ulianza kurukaruka, nasi tukamsifu! Kwenye maonyesho mji mzima ulimzunguka, tukisema sasa mkono umekuwa huru, sasa picha zina uhai, naye akatabasamu, mkono ameuficha mfukoni.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya chakula, aliwapa wanawe, watu wazima wenye nyumba zao, kijiti na wino wachore mlima, Gethin akimtania, "Mama, hata kondoo wa baba hawakaguliwi hivi!" Hawakujua anatafuta mtetemo.

Mwaka 2012 madaktari walithibitisha ugonjwa wake, siri ikawa wazi. Gethin alipimwa, hana. Mererid alikataa kupimwa. Tarehe 2 Novemba 2017 mama yake, hajiwezi kitandani, alimwomba achore, naye akasimama dirishani, akamletea mstari uliopita laini kabisa. Eluned aliutazama sana, akasema, "Haya, mwanangu, sasa nitalala," na kesho yake akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani mliomlisha alipokuwa hawezi kushika kijiko.

Mererid ameniruhusu niseme, maana kuficha kumeitesa nyumba hii vya kutosha, kwamba pale dirishani alikuwa amempa mama yake mgongo, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeukamata wa kulia kwa nguvu zake zote. Tunaogopa, majirani, msituache. Wewe, dada, pumzika kwa amani, hofu tuachie sisi.