Siwezi Kusema Kwenye Simu

Padre, ndugu, majirani wa jengo letu la mtaa wa Garbatella hapa Roma, nanyi wachache mliobaki wa studio, mliyekuja kumsindikiza ni Bi. Nives Mastrangeli, na anayewasomea habari za maisha yake, kwa niaba ya familia, ni bintiye wa pekee, Ottavia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 huko Velletri, mji mdogo wa mashamba ya mizabibu nje ya Roma, mtoto wa nne wa mzee Settimio Cacciotti, fundi wa mapipa ya mvinyo, na mkewe Bi. Elide, akasoma kwa masista hapo hapo, akamaliza mwaka 1955 akisifiwa kwa kushona na kulaumiwa kwa domo, na mwaka 1962 akahamia Roma kushona mapazia, akiwa na sanduku moja na lafudhi ya Velletri ambayo haikumtoka maisha yake yote.

Tarehe 14 Septemba 1968 alifunga ndoa na Quirino Mastrangeli, fundi sauti wa studio ya kutia maneno kwenye filamu, kwani filamu zetu za wakati ule zilipigwa bila sauti, waigizaji wengine wakihesabu namba tu ili midomo icheze, kisha kipande cha mkanda kikaunganishwa ncha kwa ncha na kuzungushwa mpaka sauti ikae sawa, na kipande hicho mafundi walikiita pete.

Tarehe 20 Novemba 1969 alimpelekea mumewe chakula cha mchana, mlango mzito wa studio ukambana kidole, akapiga yowe, na mwongozaji akatoka mbio akisema, "Nani huyo? Asiondoke!", na kweli hakuondoka kwa miaka tisa. Alipiga yowe katika filamu arobaini na tatu za muuaji mwenye glavu nyeusi, akafa bafuni, ngazini na ndani ya lifti, na tarehe 2 Juni 1971 alipojifungua Ottavia, wakunga walisema hawajapata kuona mzazi aliyenyamaza vile, naye akawajibu kwamba yuko likizo.

Hakumficha mtu kwamba hadithi zile hazikuwa na kichwa wala miguu, kwamba askari wa humo walikuwa mazuzu, kwamba muuaji aligeuka kuwa mtu tuliyemwona dakika mbili tu akinunua maua, na kwamba wasichana waliuawa kwa kosa la kuwa warembo, jambo lililomuudhi mpaka mwisho, lakini muziki ule mtamu kama wa kubembelezea mtoto ulipoanza, na rangi nyekundu na buluu zikamwagika ukutani, hakuondoa macho, akisema, "Upuuzi mtupu, hebu sogea nione."

Alichokitamani ni kupewa maneno, na kila alipoomba alijibiwa, "Nives, ukipiga yowe wewe ni wa dunia nzima, ukisema wewe ni wa Velletri," akarudishwa kwenye pete, ambamo msichana yule yule aliukimbilia mlango ule ule uliofungwa, mara thelathini kwa siku, bila kuufungua hata mara moja. Ndiyo maana nyumbani kwake hakuna mlango uliofungwa kwa ufunguo, hata wa choo, na wageni mlipiga kelele mkazoea.

Mwaka 1975 mwanamke mmoja wa kutia maneno aliugua, marehemu akapewa maneno yake, yale ambayo kila filamu ya namna ile inayo, "Namjua muuaji, lakini siwezi kusema kwenye simu, njoo," akayasema pete kumi na saba mpaka yakatoka kwa Kiitaliano safi, akawapeleka majirani wote sinema, na huko maneno yakasikika kwa sauti ya mwanamke mwingine, likabaki lake yowe tu, naye akapiga makofi mpaka taa zikawashwa.

Filamu zile zilipokwisha mwaka 1978 alirudia mapazia, na tangu hapo kila Jumamosi alipiga simu kualika watu chakula cha Jumapili kwa maneno yale yale, kwa lafudhi ile safi ya studio, nasi tukamjibu kama tulivyopigia kelele filamu, "Taja jina kabla hajafika!", akacheka, akakata simu.

Alifiwa na mumewe mwaka 2004, akaanza kuugua moyo mwaka 2016, na Jumanne ya tarehe 12 Februari 2019, saa nne asubuhi, alimpigia bintiye akasema, "Ottavia, siwezi kusema kwenye simu, njoo," na binti akacheka, akajibu kama kawaida, akaenda jioni na maandazi ya krimu, akaukuta mlango wazi, na mama kitini, mkono wa simu mapajani, hajitambui. Alifariki hospitalini kesho yake, saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, Bi. Argia wa ghorofa ya pili aliyemwosha na kumvika, na ninyi wa studio mliozima simu zenu bila kuambiwa.

Historia rasmi inaishia hapo, lakini Ottavia ni mimi, na simu ile inazunguka kichwani mwangu usiku na mchana, pete isiyokatika, na kila ikirudi nasikia nilichopaswa kukisikia mara ya kwanza, kwamba haikuwa Jumamosi, na kwamba Mama aliyasema yale maneno kwa Kivelletri.

Nimekuja, Mama. Pumzika kwa amani.