Dokta Kesho na Majibu ya Mwalimu wa Hesabu

Baba zetu na mama zetu, mume wa marehemu, wanawe na wajukuu, majirani, na ninyi mliotoka hospitali mkiwa bado na makoti yenu meupe, familia imenituma mimi, mdogo wa mwisho wa marehemu, fundi cherehani, niwasomee maisha ya dada yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Dokta Kesho. Karatasi hizi aliziandika marehemu mwenyewe akiwa kitandani, mwezi Julai mwaka huu, familia imeongeza machache aliyoyaacha kwa haya au kwa uchovu, na ni vizuri mjue mapema kwamba kuna sehemu moja ambayo baba mdogo hakutaka isomwe, akisema marehemu hatangazwi makosa mbele ya jeneza lake, lakini mwenye historia ameandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba sehemu hiyo ikirukwa, basi na nyingine zote zirukwe, tukafanye mazishi kimyakimya. Itasomwa.

Alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba fundi uashi na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, na mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alizaliwa macho kodo, akamtazama mkunga mpaka mkunga akaona aibu. Hakuwa mtoto wa kupendwa na wageni, kwa maana alikuwa mbishi, mchoyo wa maneno, na alikuwa na tabia ya kukagua nguo zilizoshonwa na mama na kuonyesha mshono uliolegea mbele ya mwenye nguo, jambo lililomletea makofi yasiyohesabika na ambalo halikumwacha hadi uzeeni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza mwaka 1971, akasoma sekondari kuanzia mwaka 1972 hadi 1977, kisha akajiunga na chuo kikuu mwaka 1978 kusomea udaktari, akahitimu tarehe 26 Novemba 1983. Ni huko chuoni alikotazama kwenye hadubini kwa mara ya kwanza, akamwandikia mama barua ndefu kwamba nyama ya mwanadamu ikikatwa nyembamba na kupakwa rangi inapendeza kuliko kitambaa chochote cha maua alichowahi kukishona, na mama akajibu kwa mstari mmoja, akiuliza kama huko chuoni wanakula vizuri.

Mwaka 1987 alikwenda ng'ambo kusomea patholojia, akarudi na kuanza kazi katika maabara ya hospitali tarehe 1 Oktoba 1990, chumba kirefu chenye dirisha moja na harufu ya dawa inayochoma pua, na kazi yake wengi hatukuielewa, hata baba alifariki akiamini binti yake anatengeneza miwani, kwa kuwa kila akiulizwa alijibu kwamba anashinda na vioo. Ukweli ni kwamba daktari akikata kipande cha uvimbe, au akichukua damu au uboho wa mgonjwa, kipande hicho huandaliwa, hukatwa chembamba kuliko karatasi, hupakwa rangi ya waridi na zambarau na kubandikwa kwenye slaidi ya kioo, ndipo dada yetu aseme kama ni saratani au siyo, na kama ndiyo, ni ya aina gani, kwa sababu dawa inayoponya aina moja haigusi kabisa nyingine. Mgonjwa hamjui mtu huyo wala hamwoni, ila kila kitakachofuata kinatoka mdomoni mwake.

Alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1986, na mpima ardhi mtaratibu aliyekwenda kupima kiwanja cha jirani na akapima siku nne kiwanja cha kupimwa siku moja, na walijaliwa watoto watatu, binti mwaka 1988, kijana mwaka 1990, na kitinda mimba mwaka 1993.

Sasa inafuata sehemu ile ambayo baba mdogo hakutaka isomwe.

Siku ya Alhamisi, tarehe 9 Juni 1994, saa kumi jioni, aliletewa slaidi ya uvimbe wa shingo wa mwalimu wa hesabu, mtu wa miaka thelathini na mitatu, na daktari aliyeituma alikuwa ameandika kwenye fomu kwamba ni kifua kikuu cha tezi, tafadhali thibitisha. Marehemu alisoma fomu kwanza, ndipo akatazama slaidi, akaona vile vifundo vinavyoonekana kwenye kifua kikuu, na vilikuwepo kweli, akathibitisha, akatia sahihi, akawahi nyumbani kwa kitinda mimba wake aliyekuwa na homa. Mwalimu alimeza dawa za kifua kikuu kwa karibu miezi minane bila kuruka hata siku moja, maana alikuwa mtu wa hesabu, akazidi kukonda, akalazwa, akakatwa kipande kingine, akafariki tarehe 2 Februari 1995 kabla majibu hayajatoka, na tarehe 4 akazikwa, na pale makaburini ikasomwa historia kama hii, ikataja kifua kikuu mbele ya mtaa mzima.

Majibu yalitoka tarehe 10, nayo yalisema saratani ya tezi za limfu, aina ambayo hata miaka ile wengi walipona walipowahiwa. Marehemu alifungua kabati, akaitoa slaidi ya kwanza, akaitazama upya bila fomu, na karibu kabisa na ukingo akaikuta seli moja kubwa yenye viini viwili, ikimkodolea macho kama bundi, ilikuwepo siku zote. Ameandika hapa: “Sikuiona kwa sababu sikuitafuta, nilikuwa nimeshaambiwa cha kuona.”

Jumapili ya tarehe 12 alikwenda kwa mjane, mwoka mikate mwenye watoto wawili wadogo, akamweleza yote akiwa amesimama kwa sababu hakukaribishwa kiti, na mjane aliendelea kusugua masufuria mpaka alipomaliza, kisha akasema neno moja tu, “Nionyeshe.” Kesho yake alimwingiza maabara, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, na mama yule alichukua muda mrefu kwa kuwa mwanzoni aliona kope zake tu, hadi alipoipata ile seli, akaitazama weee, akasema, “Kumbe ni kadogo hivi.” Kisha akainuka, akajitanda upande wake wa nguo, akasema, “Haya, mimi umeniambia. Sasa kawaambie na wale waliokuwa makaburini, maana mikate yangu hainunuliwi, na wanangu wamewekwa dawati la peke yao.”

Marehemu hakuwaambia. Alipeleka barua kwa mkuu wake wa kazi akiomba ruhusa, akaitwa, akaambiwa kwamba daktari anayetembeza makosa yake mitaani anaibomoa hospitali nzima, achague kunyamaza au kuondoka, naye akawatazama watoto wake watatu, akachagua kunyamaza. Mwoka mikate akawa anabeba mikate yake kwa miguu hadi mtaa usiomjua, na marehemu alipokwenda tena kwake hakufunguliwa mlango, akaona ni haki.

Ni baada ya hapo ndipo alipoanza desturi iliyompa jina, yaani kila slaidi aliitazama mara mbili, mara ya kwanza fomu ikiwa imegeuzwa kifudifudi, asijue jina, umri wala maoni ya daktari, kisha akaandika alichokiona, akalala nacho, na asubuhi akatazama tena akiwa ameisoma fomu, na mpaka kauli hizo mbili zikubaliane hakutoa jibu kwa yeyote, awe profesa au waziri. “Kesho asubuhi,” ndilo jibu pekee walilolipata waliopiga simu, na wapo waliomwita mvivu, wapo waliomwita mwenye kiburi, na mfungasha vifaa wa maabara, mzee wa utani, ndiye aliyembatiza Dokta Kesho. Nyumbani nako tulikoma, kwani binti yake alipomleta mchumba mwaka 2012 na dada akaombwa maoni, alisema atajibu kesho, kijana wa watu hakupata usingizi, na saa moja asubuhi ikaja ripoti, “Hana dalili mbaya.”

Mwaka 2003 alitumiwa slaidi ya paja la fundi wa kuchomelea vyuma, ikiwa na fomu iliyosema saratani ya mfupa na mguu umepangwa kukatwa Ijumaa, akaisoma fomu ikiwa kifudifudi, akalala nayo, akaamka na kauli ileile kwamba hiyo si saratani, ni mfupa uliojijenga ndani ya msuli baada ya kuumia, utatulia wenyewe, akabishana na wapasuaji wawili mpaka wakaahirisha, na fundi huyo yupo hapa leo, amesimama kwa miguu yake yote miwili tangu asubuhi ingawa viti vipo. Alifundisha madaktari kumi na tisa, na alistaafu tarehe 14 Machi 2018.

Mwezi Novemba 2023 alianza kuchoka na kuota madoa ya damu chini ya ngozi, na tarehe 4 Desemba akapelekwa kwenye maabara yake mwenyewe, akachukuliwa damu na uboho, akataka aonyeshwe slaidi, lakini mwanafunzi wake ambaye sasa ndiye mkuu wa maabara akamkatalia kwa heshima zote, akisema, “Shikamoo mama, lakini wewe mgonjwa unamjua, hufai kumsoma. Majibu kesho asubuhi.” Alirudi nyumbani amenuna, akatuambia kwamba kumbe neno hilo ni chungu namna hii na watu walikuwa wanamvumilia tu. Ilikuwa leukemia, saratani ya damu inayokuja kwa ghafla, alitibiwa kwa miezi tisa, akapata nafuu mara moja, na alifariki Jumatatu, tarehe 16 Septemba 2024, saa tatu asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono. Tunaumia sana.

Juzi Jumanne familia ilikwenda kwa mama mwoka mikate kumwomba idhini, kwa kuwa ugonjwa unaotajwa hapa ni wa mumewe na si wetu, naye alizichukua karatasi hizi, akavaa miwani, akazisoma zote, akasahihisha jambo moja, kwamba mume wake alikuwa na miaka thelathini na mitatu na si thelathini na minne kama marehemu alivyoandika, akatuambia tusome. Haya ndiyo maneno ya marehemu.

“Mwalimu wa hesabu aliyezikwa tarehe 4 Februari 1995 hakuwa na kifua kikuu. Alikuwa na saratani, ugonjwa usioambukiza kwa pumzi, wala kwa mkate, wala kwa kukaa dawati moja. Kosa lilikuwa langu. Kunyamaza kwangu baadaye kulikuwa kosa kubwa zaidi, kwa sababu la kwanza sikuliona na la pili nililiona. Niliogopa. Nawaomba mlioisikia historia ile na bado mko hai muifute, mshike hii.”

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani za damu, waliochangia damu chupa thelathini na moja, wanafunzi wake, wafanyakazi wenzake, majirani waliopika na kufua nyumbani kwetu, na baba mdogo, ambaye baada ya kubisha alikubali. Mama mwoka mikate yuko kati yetu, amekaa safu ya tatu na watoto wake wote wawili. Hakusema kama amesamehe, na sisi hatukumuuliza, ila ametutuma tangazo, kwamba tukitoka makaburini asiwepo wa kukimbilia nyumbani, sote tupitie kwake, nyumba yake ni ile ya nyuma ya shule, chai amepika, na vikombe hakuazima, ni vyake vya nyumbani.

Dada, sisi tunakwenda kunywa. Wewe pumzika, pumzika kwa amani.