Mzee Hakika na Bastola Iliyotutoa Jasho

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mzee Hakika anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika ghala la makumbusho yetu. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu nimekaa naye chumba kimoja, meza zikigusana, kwa hiyo naomba mnivumilie nikiguna kidogo.

Alianza kama mlinzi wa geti, akasomea uhifadhi jioni, akapanda hadi kuwa mkuu wa ghala. Ameokoa ngoma zetu zisiliwe na mchwa, na nusu ya wafanyakazi wa hapa amewafundisha kubeba chungu kwa mikono miwili. Lakini jina la Hakika alilipata kwa sababu moja tu: hataki kuliona neno “inasemekana” kwenye kibao cha maelezo. Ukiliandika analikata kwa wino mwekundu, kisha anakuuliza, kwa upole unaokera kuliko matusi, nani amesema.

Basi kulikuwa na bastola kuukuu ya jeshi, ya risasi sita, ambayo kibao chake kilikuwa kitupu. Mzee Hakika alitaka kumjua askari wa kwanza aliyekabidhiwa. Chini ya mpini iligongwa namba. Jamani, ile namba! Tuliandikia makao ya jeshi, tukabisha hodi kwa wanajeshi wastaafu, mmoja akatufukuza akidhani tunanunua silaha. Miaka miwili ikakatika. Kisha Mzee Hakika akaona namba ya mtindo uleule kwenye pasi ya mkaa, rafu ya chini. Kumbe ilikuwa namba ya ghala letu wenyewe, iligongwa na mtunza ghala wa zamani. Mkurugenzi alishika kichwa. Mimi nilitoka nje kupunga upepo.

Wakati huo alikuwa ameshajitokeza bibi mmoja, mgonjwa wa moyo, akisema bastola ile baba yake alikabidhiwa ikiwa mpya, alipokuwa dereva wa malori ya jeshi. Ndugu walimcheka marehemu hadi anazikwa: dereva na bastola, wapi na wapi? Bibi alitaka jina la baba yake lisomeke pale kabla naye hajamfuata. Tulimsihi Mzee Hakika aandike tu, bibi wa watu apumzike. Akakataa. Nilimnunia mwezi mzima.

Yeye akaenda kukaa jikoni kwa bibi, akauliza maswali hadi wajukuu wakakimbia. Mwishowe bibi akakumbuka kwamba mpini ulipopasuka, baba yake aliuimarisha kwa ndani kwa kipande cha kijiko chake cha kambini. Kijiko chenyewe kilikuwapo, kimekatwa mkia, wanachotea chumvi. Fundi akaufungua mpini mbele yetu sote. Kipande kilikuwamo, na kilikaa kwenye kijiko sawasawa, mkato kwa mkato. Tukapiga makofi. Mzee Hakika akaomba wiki moja zaidi ahakikishe. Nusura nimrukie.

Jumatatu iliyopita bibi aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Alisoma jina la baba yake kwa sauti, polepole, ndugu wakiwa wamesimama nyuma yake. Kisha akamshika Mzee Hakika mkono.

“Wenzako walinihurumia, mwanangu. Wewe ulimtafuta.”

Mzee wetu, umetuchosha, na tunakushukuru kwa moyo wote. Kapumzike sasa, maisha yako yawe mema na marefu. Mama watoto tunampa pole mapema.