Papa Lukumani na Ukurasa Uliongoja Jibu

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Papa Lukumani Ezéchiel anastaafu tarehe 30 Juni 2003. Kampuni yetu ya uchukuzi hapa Kisangani inabaki na kiti chake na kikombe chake kilichovunjika mkono, na mimi, Florentine wa sekretarieti, nimepewa kazi ya kumuaga. Nimeanza mara tatu, na karatasi mbili nimezichana.

Aliingia mwaka 1974 kama mtu wa phonie, ile redio ya kuitana na maboti yetu mtoni hadi Kinshasa. Desturi moja ya kazi hiyo haijamtoka: akimaliza kusema, anatamka "À vous", yaani "zamu yako", kisha ananyamaza akisubiri jibu. Aliwahi kufanya hivyo kanisani Kabondo, mwisho wa sala ya waamini, padri akabaki kumtazama.

Agosti 1998 vita vilifunga mto. Mkewe, Mama Berthe, alikuwa ameshuka Kinshasa kwa arusi ya mpwa wake, wiki mbili tu. Simu zikakatika, na wenye bunduki wakachukua phonie yetu. Papa aliendelea kuja ofisini kila asubuhi, akakaa mbele ya meza tupu.

Mwaka 2001 cyber, duka la Intaneti, ilipofunguliwa karibu na soko, tulimcheka: mzee wa miaka hamsini na nane anaitafuta herufi A kwa kidole kimoja. Yeye akafungua ukurasa wake kwenye Intaneti, ambao vijana wanauita blogu. Kila Alhamisi, umeme wa bwawa la Tshopo ukiwapo, aliandika bei ya mchele na chumvi, nani amejifungua, njia gani inapitika, maji ya mto yamefika wapi. Kila mara alimalizia: À vous.

Watu wakajibu. Benoît, mwana wa Kabondo aliyeko Liège, Ubelgiji, alimlipa ampigie picha nyumba ya mama yake. Mama Kyakimwa, mwuza pagne, yaani vitenge, kutoka Butembo, alilipia tangazo la mzigo wake wa ndege, na wateja wakaja. Miezi ambayo mishahara yetu ililala, ukurasa ule ulinunua makemba, zile ndizi za kupika, tuliyokula sote. Alitufundisha kuandika pia, akisema, "Mutu yote iko na neno, inakosaka tu njia."

Lakini jibu alilolitamani halikuja. Mama Berthe hajui kusoma. Sisi tulijua hilo tukanyamaza, naye alilijua kutushinda. Aliandika vivyo hivyo, akitumaini kwamba kule Kinshasa angetokea wa kumsomea.

Mwezi uliopita alitokea. Benie, binti wa jirani wa Mama Berthe kule, aliukuta ukurasa akalitambua jina. Aliandika chini yake maneno ambayo Mama Berthe alimwagiza: "Lukumani, nakupata cinq sur cinq, muzuri kabisa. Benie ananisomeaka yote. Mapagne yangu mu malle, uko unaanikaka? À vous."

Papa aliusoma ujumbe huo tena na tena mpaka saa aliyolipia ikaisha. Kisha akaenda nyumbani, akatoa sandukuni mapagne yote ya Mama Berthe na kuyaanika uani.

Sasa mto unafunguka, naye atashuka Kinshasa kwa Mama Berthe na boti letu la kwanza. Asante, Papa, kwa kazi yako na kwa subira yako. Uwe na miaka mirefu, na usiimalize tena ukiwa mbali naye. Sisi tutafungua ukurasa wako kila Alhamisi, tungoje habari za huko.

À vous.